Doa la Kaini

Kabichi haiguni. Unaweza kuipiga jiwe, ukaikata, ukaikanyaga mpaka ikalegea yote, haitakwambia neno. Ndiyo maana Masikio aliposikia mguno kwenye kabichi hakuogopa. Alikasirika. Alidhani kuna mtu kaingia chumbani kwake kumchezea.

Masikio ndilo jina alilopewa kazini, na lilimkaa kweli. Alikuwa anatengeneza sauti za magemu. Wewe ukicheza kwako ukaona mtu anavunjwa mkono, ule mlio wa mfupa ni karoti mbichi, Masikio kaivunja karibu na maikrofoni. Kisu kikizama tumboni, hilo ni tikiti. Na fuvu likipondwa, hapo sasa ni kabichi iliyozungushiwa kitambaa kibichi, ikapigwa jiwe la uzito wa kutosha. Chumba chake hakikuwa na dirisha, kuta zilifunikwa magodoro ya zamani ili kelele za nje zisipenye, na ndani kulinuka mboga zilizolala.

Mchana ule alipiga kabichi, akavaa hedifoni, akasikiliza. Pu! Safi kabisa. Halafu, nyuma ya pigo, pumzi ya mtu: "Aah." Ndogo, ya kifuani, ya mtu aliyeshtukizwa.

"Nani anapumua humu?" aliuliza, na humo alikuwa peke yake.

Akafuta. Akachukua kabichi nyingine, akabana pumzi yake mwenyewe, akapiga. Akasikiliza tena. Safari hii mguno ulitangulia pigo. Yaani huyo mtu alikuwa ameliona jiwe linakuja.

Masikio akatoka mbiombio mpaka ukumbini, kwenye meza ya kompyuta, hedifoni zinaning'inia shingoni. "Injinia, mashine yako inaniingizia sauti nisizozitaka."

"Mashine haina neno, Dada," mdogo wake alijibu bila kuinua kichwa. "Labda kabichi yako ina mimba."

"Nakwambia jambo la maana, unaniletea mzaha."

"Basi nitaikagua kesho."

Kesho ya Injinia unaijua wewe? Haikufika.

Studio yao ilikuwa ya familia, vyumba vichache juu ya duka la matairi, na waliokuwa wakiiendesha ni watatu wa tumbo moja. Masikio ndiye wa kwanza kuzaliwa. Injinia alimfuata, huyo ndiye aliyeandika programu. Wa mwisho alikuwa Kitinda, kijana wa miraba minne aliyewahi kucheza ngumi, na kazi yake ilikuwa kuwa mwili: alivaa nguo ya kubana yenye vidude kila kiungo, akapigana peke yake katikati ya ukumbi wenye kamera pande zote, na chochote alichokifanya, mtu wa kwenye skrini alikifanya vilevile. Baba yao alipofariki, wale wawili walikuwa bado wanalishwa kwa kijiko, na mama yao, aliyekuwa akishinda kazini, alimshika Masikio mabega akamwambia, "Hawa ni wako." Basi wakawa wake. Aliwaogesha, aliwapigania mitaani, alimwacha hata mchumba aliyemwambia achague kati yake na wao. Mpaka leo mama akipiga simu hasalimii kwanza. Anauliza, "Wadogo zako wazima?" Masikio hakuwa na jambo jingine duniani aliloliogopa zaidi ya siku atakayokosa jibu la swali hilo.

Gemu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya Kaini, yule wa kwenye vitabu, wengine humwita Kabili: mtoto wa kwanza wa watu wa kwanza, aliyetoa sadaka ikakataliwa, ya mdogo wake ikapokewa, akampiga mdogo wake akamuua, kisha akatiwa alama na kufukuzwa akatangetange. Kwenye gemu, wewe mchezaji unamwinda Kaini nchi kavu yote, na mwisho wake unamuua. Hapo ndipo ushindi.

Kitinda alikuwa amebandika picha za Kaini ukuta mzima wa ukumbi. Kulikuwa na za rangi za mafuta, za kuchongwa kwenye mbao, za vitabu vya watoto, na nyingine alizitoa kwenye magemu ya watu waliompa pembe na mikono minene ajabu. Wachoraji wote hao walikubaliana juu ya jiwe, wakakubaliana juu ya yule aliyelala chini, lakini ikifika pajini, pale alipotiwa alama, kila mmoja alikuwa na ujanja wake. Mmoja alimfunika uso kwa mkono. Mwingine akamwangushia nywele. Mwingine akamgeuza akaonyesha mgongo tu.

"Waoga hawa," Kitinda alisema. Alikuwa amekaa kitini, Masikio amemwinamia na kalamu ya vipodozi. "Karne na karne wanachora mtu huyohuyo, hakuna aliyethubutu paji."

"Usitingishike basi."

Ili kamera zisome uso wa mtu, uso unatiwa nukta, mashavuni, kwenye nyusi, kando ya mdomo, na kila asubuhi lazima nukta zirudi palepale. Kazi hiyo Masikio hakumwachia mtu, kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu na uso ule aliujua tangu ukiwa na utando wa kuzaliwa.

Injinia alichungulia kutoka mlangoni. "Dada, ile ya katikati ya paji itie nyekundu, uikolezee. Ndiyo itakuwa alama yenyewe. Tutamaliza kazi mbili kwa mpigo mmoja."

Masikio akaitia nyekundu. Akaikolezea. Kalamu ilipogusa ngozi, Kitinda alisema, "Ss! Ina moto," na dada yake akamwambia aache kudeka.

Jioni alipomfuta kwa pamba na mafuta, nukta zote zilitoka isipokuwa ile. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu pembeni. Asubuhi ilikuwa pale pale, na imekuwa pana kidogo, na ukumbi ulikuwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wenye maji, na juu ya udongo huo harufu ya chuma unayoisikia ukiuma ulimi. Masikio alifungua madirisha yote. Harufu haikutoka, maana haikuwa ndani ya ukumbi. Ilikuwa kwa Kitinda, inamtoka kichwani.

Kwa kuwa nguo yenye vidude ilikuwa moja tu, Habili, yule mdogo wake Kaini, hakuwa mtu. Alikuwa gunia lililojazwa nguo kuukuu, limesimamishwa katikati ya ukumbi, na Kitinda alikuwa anatakiwa kulipiga mara moja kwa jiwe la plastiki kisha arudi nyuma kwa majuto. Siku hiyo alilipiga mara moja, hakurudi nyuma. Akalipiga tena, na tena, akalikalia kitako, akaendelea kulishindilia kwa ngumi mbili, mate yanamtoka, huku Injinia akipiga kelele kutoka kwenye kompyuta, "Imetosha! Nimepata! Kitinda, imetosha!" na Masikio akiwa amevaa hedifoni anasikia kwa masikio yake mwenyewe, chini ya vishindo vile, gunia linalia kwa sauti ya mtoto.

Alipomvuta, mikono ya Kitinda ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Nguo kuukuu ndani ya gunia zilikuwa zimelowa pia, na zilichirizika sakafuni, na hakuna rangi duniani inayonuka vile.

"Umejikata?" Masikio alimuuliza kwa sauti ya chini. "Nionyeshe mikono."

Hakukuwa na jeraha hata moja.

"Nimefanya vizuri, Dada?" Kitinda aliuliza. Alikuwa anatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanamtiririka, na Masikio aliona wazi kwamba tabasamu si lake, machozi ndiyo yake.

Nitakwambia ukweli, hapo ndipo walipaswa kufunga milango na kukimbia. Lakini watu wa kazi hizi ukiwaonyesha damu wanauliza imeingia vizuri kwenye kamera? Injinia alilichoma gunia nyuma ya duka la matairi, akasema pengine zile nguo kuukuu zilichuja rangi, na wakaendelea.

Wiki hiyohiyo wanunuzi wa gemu walitazama kipande walichopelekewa, wakapiga simu, spika ikawekwa mezani wote wasikie. Walimsifu Injinia mpaka akaona haya. Programu yake, werevu wake, hawajaona. Kisha wakasema, kuhusu huyu anayeigiza Kaini, hapana, watatafuta uso mwingine, wa mtu anayejulikana. Simu ikakatwa. Kitinda alijishika paji. Doa lilikuwa sasa pana mithili ya kidole gumba, na lilikuwa linapiga, linapanda na kushuka, ilhali mshipa hakuna pale.

Mleta maji alikuwa ndiyo kwanza anaingia na dumu begani, mtu wa masihara, rafiki wa wote. "Kaini wangu, mbona umenuna?" alisema. Kitinda alimnyang'anya dumu akampiga nalo usoni. Meno yaliruka yakagonga skrini. Yule bwana alipoanguka, Kitinda alimwinamia akamshika sikio kwa meno, na waliomvuta, Injinia na vijana wawili wa matairi, walimvuta pamoja na kipande cha sikio, naye akawa anakitafuna taratibu, akimwangalia Injinia tu, hamwangalii mwingine.

Walimfungia stoo. Vijana wa matairi walimpeleka mleta maji hospitali, na hawakurudi juu tena, hata kwa salamu.

"Tumpeleke kwa daktari," Injinia alinong'ona.

"Daktari amfanye nini? Daktari atalitibu gunia?" Masikio naye alinong'ona, maana nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na sauti, na haikuwa ya Kitinda peke yake. Ilikuwa inasema jina la utotoni la Injinia, lile ambalo mama pekee alimwita, inalitamka polepole, kwa mapenzi kabisa. Masikio akamshika mdogo wake mkono. "Mimi namwita Bibi Ubani, yule mganga."

Bibi Ubani alikuja adhuhuri, bibi mfupi mwenye mkoba wa plastiki na beseni, akizilaani ngazi kwa kila hatua. "Mnaishi juu mnafanyia nini, njiwa nyinyi?" Alipofika ukumbini akauweka mkoba chini. Alitembea mbele ya zile picha, moja baada ya nyingine, akazitazama kwa makini kuliko alivyowatazama wao.

"Shikamoo, Bibi," Masikio alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hawa waliochora hawa walikuwa na akili. Nani kawaambia nyinyi mumfunue?"

Bibi Ubani hakungoja jibu.

"Kila mtu ana jini wake anayezaliwa naye," alisema, akiweka beseni chini. "Mtu akifa, jini anabaki, anapoa, anakwenda zake. Wa yule muuaji wa kwanza hakupoa. Anazunguka na ile alama anatafuta paji la kukaa, na hakupata, kwa sababu kila aliyemchora alimfunika. Nyinyi mkampa uso. Mkampa na mwili. Mkampa na sauti." Akamtazama Masikio. "Na nani aliyemtia alama huyo mtoto?"

"Mimi," Masikio alisema. Alilia hapohapo, bila aibu. "Mimi, Bibi, kwa mkono wangu. Niambie la kufanya."

"Anataka ndugu aue ndugu, basi. Hana haja nyingine." Bibi Ubani alianza kumimina maji kwenye beseni. "Kwanza uso ufutwe huko mlikouweka. Kijana, ni kazi yako hiyo. Pili nitamwosha paji, na nyinyi mtamshika na kumwita jina lake. Tatu, na hili mlisikie vizuri: asipigwe. Mwenye alama ile haguswi kwa kuumizwa, vitabu vyenyewe vimekataza, nyinyi mkatengeneza mchezo ili watu wamuue mchana na usiku. Akiwatemea mate, panguseni. Akiwauma, lieni. Msimpige. Atakayemwaga damu ya huyu, alama itahamia kwake."

Injinia alikwenda kwenye kompyuta. Walimsikia akibonyeza, kwa muda, kisha akarudi amekauka mdomo. "Nimefuta."

"Wote?"

"Wote, Bibi."

Walimtoa Kitinda stoo. Alitoka mwenyewe, mpole, akaketi sakafuni karibu na beseni, na kwa dakika ile alikuwa Kitinda wao kabisa. Alimwambia Masikio, "Dada, nina njaa," na Masikio akamwambia atampikia. Walimshika, dada mkono huu, kaka mkono ule. Bibi Ubani akalowesha kitambaa, akakiweka pajini, na Kitinda akapiga ukelele uliopasua kioo cha dirisha moja, na hawakumwachia, walimwita jina lake, jina la cheti na jina la nyumbani, wakamwita na kumwita huku akiwarusha huku na huku, akimvunja Injinia kidole na wote wakasikia, ka!, mlio ule ule wa karoti, na Injinia akalia kama alivyoambiwa wala hakurudisha, na maji ya beseni yakawa mekundu, na doa likaanza kufifia, likawa la waridi, likawa kivuli, likawa karibu si kitu.

Halafu likarudi. Lilirudi lote kwa mara moja, bichi, likachuruzika mpaka kwenye nyusi.

Bibi Ubani alitoa kitambaa. "Kuna uso mwingine," alisema. "Umebaki mahali. Kijana, ulifuta wote?"

Injinia alifumba macho. "Nakala," alisema.

"Nini?"

"Ipo nakala. Bibi, kazi ya miaka yote ile haifutwi hivihivi, sisi tunaweka nakala ya kila kitu, ni mazoea, mkono wangu tu uli..."

"Kaifute!" Masikio alipiga kelele. "Kaifute sasa hivi!"

Injinia alimwachia Kitinda mkono akakimbilia kompyuta. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kama unatafuta ni lipi, maana mkono uliobaki huru ulimpiga Bibi Ubani kifuani akaenda kugonga ukuta wa picha, na ule wa pili ukamkung'uta Masikio mara moja tu, akajikuta yuko chini ya meza, mdomo umejaa damu, na Kitinda alikuwa ameshasimama, ameshafika kwenye kiti cha Injinia, ameshavuta waya mnene unaotoka kwenye kamera na kuuzungusha kwenye shingo ya kaka yake, mara ya kwanza na mara ya pili, na kuweka goti mgongoni pake na kuvuta.

Kuna sauti ambazo Masikio alizitengeneza maisha yake yote kwa mboga na matunda, akilipwa kuzifanya ziaminike, na sasa alizisikia zenyewe, ile ya koo linalobanwa, ile ya visigino vinavyogonga sakafu vikitafuta pa kukanyaga, ile ya kucha zinazokwaruza waya, na akajua kwa uhakika, kama fundi anavyojua kazi yake, kwamba zimebaki chache sana kabla ya ile ya mwisho. Na kwenye skrini, mbele ya macho ya Injinia yaliyotoka, ilikuwa imeandikwa swali kama ana hakika anataka kufuta, na kidole chake kilichovunjika kilikuwa kinanyooka kuelekea kitufe na hakifiki.

"Kitinda!" Masikio aliita. "Mdogo wangu! Ni mimi, Dada, nitazame!"

Kitinda aligeuza kichwa akamtazama. Uso ulikuwa wake. Midomo ilitikisika, ikatoa sauti yake halisi, ya mtoto aliyepotea sokoni: "Dada, nizuie."

"Usimpige!" Bibi Ubani alikuwa analia kutoka chini, anatambaa, damu inamtoka sikioni. "Mwanangu, usimpige, bonyeza hicho kitu, usimpige!"

Meza ya kompyuta ilikuwa ng'ambo ya pale walipokuwa wadogo zake. Stendi ya chuma ya maikrofoni ilikuwa mkononi mwake. Hakukumbuka kuiokota. Miguu ya Injinia ilikuwa imeacha kugonga.

Masikio alimpiga Kitinda kisogoni kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nguvu za mtu aliyembeba mgongoni yeye huyohuyo akiwa na homa, na mguno ulitangulia pigo, "aah," kabla chuma hakijagusa, mguno ambao alikuwa ameshausikia. Kitinda hakuanguka. Akampiga tena. Alipoanguka akampiga tena. Na hapa sikufichi, pigo la tatu halikuwa na haja. Waya ulikuwa umeshalegea. Alipiga la tatu, na la baada ya hapo, na alikuwa bado anapiga wakati kichwa kile alichokitia nukta kila asubuhi hakina tena mahali pa kutia nukta.

Injinia alivuta pumzi moja mbaya, yenye mlio, halafu ya pili. Alikuwa hai. Masikio aliitupa stendi, akapiga magoti, akamfungua waya shingoni, akambusu kichwani. "Uko hai," alimwambia. "Uko hai, mdogo wangu. Nimekuwahi."

Injinia alimtazama usoni. Akaanza kurudi nyuma kwa makalio.

Bibi Ubani alikuwa amekaa ameegemea ukuta, picha zimemwangukia mapajani. Naye alikuwa akimtazama Masikio, si machoni, juu ya macho, pajini.

"Kaini alikuwa mzaliwa wa kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mimi nimezeeka. Nilimtazama mdogo." Akamgeukia Injinia. "Baba, kama miguu inakubeba, inuka."

Injinia aliinuka. Aliyumba, akashika ukuta, akafika mwisho wa korido, akaingia chooni akafunga komeo. Bibi Ubani aliteremka ngazi kwa kukaa kitako, moja moja, akaacha beseni, akaacha na viatu.

Masikio alibaki katikati ya ukumbi. Alitegemea kulia, na kilio hakikuja. Badala yake alisikia utulivu, wa ajabu, mzuri, na harufu ile ya udongo haikuwepo tena, au yeye ndiye alikuwa haisikii. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani kawaida. Chini, watu wa matairi walikuwa wanagonga rimu.

Simu yake ikalia. Alipangusa mkono kwenye sketi akapokea.

"Wadogo zako wazima?" mama yake aliuliza. "Moyo wangu umenipiga mchana kutwa. Nampigia Kitinda hapokei. Yuko wapi?"

"Sijui, mama," Masikio alisema. Lilitoka lenyewe, laini kabisa, wala hakulitafuta. "Yule mtu mzima sasa. Mimi simchungi."

"Hee! Unaongea hivyo wewe? Na kaka yake je?"

"Huyo ninaye hapa. Subiri nikupe uongee naye."

Alitembea kwenye korido bila haraka. Mlango wa choo ulikuwa wa mbao nene, na Injinia aliyekuwa ndani alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja asitoe hata pumzi. Haikumsaidia. Masikio aliusikia moyo wake ukidunda, aliisikia damu ikipita kwenye shingo iliyovimba, alisikia mate yakishindwa kushuka kooni, na alijua kwamba kasimama upande wa kushoto, kaegemea bawaba, kichwa kimefika usawa wa bega lake.

Akagonga kwa kidole kimoja, kwa upole, kama alivyokuwa akimgongea asubuhi za shule.

"Fungua, mdogo wangu," alisema. "Mama anataka kukusalimia."